Jina Lako ni Nabintu

Nabintu mwanangu, kabla hujaanza masomo yako ya chuo kikuu kule Westville, keti nikusimulie. Nakumbuka asubuhi moja nikiwa na mimba yako, kijana bado, nasuka nywele saluni mjini Durban. Mwaka uliotangulia, 2008, wageni kutoka nchi nyingine za Afrika walipigwa na kufukuzwa hapa, nami nikawa nimekata shauri: mtoto wangu atapewa jina la Kizulu tu, asijulikane kuwa Mkongomani.

Nilimweleza hivyo mteja wangu, Bi Zuhura, bibi mmoja wa wale Wazanzibari wa Durban, wanaoitwa hivyo ingawa ni uzao wa Wamakua waliookolewa utumwani. Nilipomaliza kumsuka akanichukua hadi mtaa wa Bluff, kwenye makaburi yao, nami na tumbo lile nikapanda kilima nikinung'unika kimoyomoyo.

Serikali ya ubaguzi iliuhamisha ukoo wake kutoka Bluff zamani, lakini yeye hakuacha kurudi kupalilia. Alipiga magoti penye kaburi lililozungushiwa mawe tu, bila maandishi. Alisema ni la bibi wa bibi yake, Mmakua aliyetekwa utotoni akatiwa katika meli ya watumwa, Waingereza waliokuwa wakiizuia biashara hiyo wakaikamata meli ile na kumshusha hapa. Kabla yake, wengi wa pwani ya kwao walivushwa hadi Brazili, wakauzwa huko.

"Jina alilopewa na mama yake hatulijui," aliniambia. "Kila aliyemshika alimwita alivyotaka. Nikimwombea dua nasema tu, wewe uliyelala hapa."

"Mama, niko naogopa," nikamjibu. "Huku banatufukuza juu ya majina."

"Kuogopa si vibaya, binti. Lakini huyu alinyang'anywa jina. Wewe unataka kulitupa mwenyewe."

Nililia palepale, kisha nikainama nikang'oa magugu pamoja naye. Ulipozaliwa nikakupa jina la mama yangu aliyebaki Bukavu.

Sasa nasikia chuoni unataka kujiita Nandi, eti ni rahisi. Nandi ni jina zuri la Kizulu, lina wenyewe. Zungumza Kizulu hata uwapite waliozaliwa nacho, pata marafiki wa kila kabila, ila usijifiche. Vita vilitutoa kwetu, nyumba na shamba vikabaki. Jina la bibi yako ndilo nililoweza kuvuka nalo.

Mungu akutangulie, akulinde barabarani na darasani. Wakikuuliza unaitwa nani, sema Nabintu. Wakikosea, watajie tena mpaka walishike.