Mwali Aliyekatwa Nywele Wiki ya Harusi

Sifa zote njema ni za Mola aliyetuumba kwa umbo lililo bora, akatupa nywele bila kutuuliza tunazitaka za namna gani. Namshukuru kwa umri alionipa, na namwomba anizidishie subira, maana ile niliyokuwa nayo mjukuu wangu Saumu ameitumia karibu yote juma hili.

Saumu anaolewa Ijumaa hapa Tanga mjini. Nywele zake zilikuwa ndefu, nyeusi, nzima, akataka kuzikata ziishie juu ya masikio. Wenyewe wanauita mkato wa bobu. Nilidhani bobu ni moja. Kumbe kuna ya kuchongoka mashavuni, kuna ya kupanda kisogoni, kuna ya upande mmoja mrefu na mwingine mfupi, kama kazi iliyokatishwa na adhana. Siku nne mfululizo ananiletea simu. "Bibi, hii au hii?" Namwambia zinafanana. Anasema sijaangalia vizuri. Navaa miwani, naangalia tena, zinafanana.

Enzi zetu kule Kigombe nywele hazikuchaguliwa kwenye picha. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka Alhamisi baada ya alasiri: mkeka uani, harufu ya mafuta ya nazi ikigombana na harufu ya dagaa wa jirani, na kichwa chako kimebanwa kati ya magoti ya mama. Mitindo ilikuwa mitatu: twende kilioni, mabutu, na ule wa haraka mama akiwa na wali jikoni. Ukijitikisa, chanuo linakupata utosini. Mama yangu alikuwa akisema, "Anayelia kwa chanuo, akija kuzaa atalia kwa nini?" Nywele zilizong'oka tuliziokota moja moja tukazifukia nyuma ya nyumba, ndege wasije wakazijengea kiota ukaumwa na kichwa. Msichana kukatwa nywele ilikuwa ama ni amri ya shule, ama ni maradhi. Tuliokatwa na mwalimu kwa mkasi wa kazi za mikono tulilia mpaka nyumbani. Leo watu wanapanga foleni saluni wakatwe, tena wanacheka.

Maradhi ndiyo yaliyomfika dada yangu Mwanaisha. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mkwaja, harusi imeshatangazwa, akashikwa na homa ya matumbo. Mungu alimponya, lakini nywele zikaanza kutoka kwa mafungu, zikabaki viraka. Zilikuwa zimesalia siku tano. Na kwetu ilikuwa lazima mwali asukwe na somo wake, yaani kungwi aliyemfunda, asumini zipenyezwe kwenye mikia ya nywele, kisha akalishwe kichwa wazi mbele ya wanawake wa upande wa mume wamtazame. Dada alijifunika leso akasema afadhali asiolewe kuliko kukaa vile mbele ya mama mkwe.

Mama hakubishana naye. Alichukua mkasi wake wa kushonea, akanipa mimi kioo nishike, akamkata dada nywele zote zikawa sawa na ncha za masikio. Muda wa kuchagua mtindo haukuwapo. Mkasi ulipopita ndipo palipokuwa mtindo.

Alasiri akaja somo, Bi Mwanahija, na pakacha lake la asumini. Alipomwona dada aliliweka chini polepole.

"Mimi sipambi mwali mwenye denge kama mvulana," akasema. "Ahirisheni mpaka ziote."

Mama akamjibu bila kupandisha sauti. "Shehe atakuja kuuliza idhini yake na mashahidi wawili. Nywele hataziulizia. Unayeziulizia ni wewe, Bi Mwanahija, basi nenda."

Bi Mwanahija alibeba pakacha lake akafika mlangoni. Mimi nilikikumbatia kioo kwa hofu, kwa kuwa mwali aliyekataliwa na somo wake ni habari ya kufika Pangani kabla ya magharibi. Bi Mwanahija akageuka, akarudi, akaketi nyuma ya dada, akampapasa kisogo kwa kiganja. Akanung'unika kwamba mama amemkata mtoto wa watu kama majani yaliyoliwa na mbuzi. Akaomba mkasi. Alikaa naye mpaka jua likapoa, anapunguza hapa, anasawazisha pale, mama naye anamkosoa, wakagombana juu ya kile kichwa mpaka dada akaanza kucheka ndani ya machozi. Asumini wakazitunga kwenye uzi, wakamzungushia kipajini.

Siku ya kutazamwa, mama mkwe alimwangalia, akamzunguka. Kisha akasema, "Kisogo kizuri kama hiki mlikuwa mnakifichia nini?" Vigelegele vikajibu. Dada aliishi naye miaka mingi kwa masikizano, Mola awarehemu wote wawili.

Jana Saumu alikatwa. Marafiki zake wa kwenye simu ndio waliomchagulia, wengine hajawahi hata kuwaona kwa macho. Nilipomtazama, pamoja na udhia wangu wote, sikuweza kusema uongo: imempendeza. Lakini tangu arudi amejifungia chumbani na kioo, anazivuta zile nywele kama zitarefuka, kisha anaitazama simu, kisha kioo tena. Sisi hatukuwa na cha kuchagua, na tulitoka tukijua tumependeza, kwa sababu mtu alikaa na kichwa chako mkononi mpaka akaridhika. Hawa wana kila mtindo wa dunia. Wote waliompenda Saumu jana walimpenda kwa kidole juu ya simu, hakuna aliyemgusa.

Nimeandika haya, sasa nakwenda kumgongea mlango. Nawe unayesoma, Mola akujaalie mtu wa kukushika kichwa siku unayokionea haya, na akusitiri kwa rehema zake duniani na akhera. Amin.