Kadi Iliyoruka Foleni

Kinyozi huyu, hewani, aliitwa Kalamu Haichoki, na mteja aliyemwita hivyo alinyolewa kwa uangalifu zaidi. Miaka kumi na minane alipeleka kadi yake kila wiki kwenye kipindi cha salamu na nyimbo za wasikilizaji. Kadi ilikuwa na nafasi ya watu kumi tu. Mwezi uliopita aliwasalimu wateja tisa na fundi viatu wa jirani, akamsahau mama mkwe.

Mkewe hakugomba. Alikunja nguo zake, akaenda kwa mama yake.

Kinyozi alijipikia siku tatu. Siku ya nne aliandika kadi nyingine: msalimiwa mmoja, mama mkwe, na wimbo wowote wa kuomba radhi. Chini, penye ujumbe, yakatoka maneno ya mtu mwenye njaa: “Mama, njoo ukae nasi moja kwa moja. Chumba kipo.” Akaitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku la redio.

Jioni ileile mke akarudi, akisema kwa mama yake kuna amri nyingi kuliko kambini. Yakaisha kwa chai.

Ndipo kinyozi akaikumbuka kadi. Kadi zilisomwa kwa foleni ya wiki tatu, kwa hiyo asubuhi alifunga kibanda, akaenda redioni kuichomoa. Mtangazaji alikuwa dirishani, kazungukwa na makasha ya biskuti yaliyojaa kadi.

“Ndugu yangu, mimi ni Kalamu Haichoki. Nimekuja kwa ajili ya kadi yangu.”

Tangu dirisha lile liwekwe, hakuna aliyefika pale ila kulalamika kwamba kadi yake imecheleweshwa.

“Usiseme zaidi, kaka,” mtangazaji akamwambia. “Mtu kama wewe hapangi foleni na watoto wa jana. Leo leo.”

“Sikiliza, mimi nataka...”

“Nimeshaelewa.” Akaitafuta ile kadi, akaiweka juu ya zote, akaingia studio na kufunga mlango.

Ilisomwa mara mbili, kwa sauti ya kutangazia misiba. Fundi viatu aliacha nyundo kuja kumpa mkono. Mkewe aliuliza jambo moja tu, kwa upole wa kutisha: chumba kilichopo ni kipi? Maana vyumba vilikuwa viwili, na cha pili kilikaliwa na redio mbovu sita; nzima ilikuwa moja tu, kando ya kitanda cha kinyozi.

Mama mkwe naye alipiga simu kabla wimbo haujaisha. Alishukuru sana, majirani zake walikuwa wamekuja kumpongeza, lakini yeye kuhama, hapana, kwake kunamtosha.

Kinyozi alipumua. Alipumua siku nzima. Kesho yake kila kichwa kilichokaa kitini kiliuliza: “Mama amefika?” Siku ya tatu fundi viatu akasema, akiangalia soli, kwamba kuna watu hualika hewani na kufunga mlango nyumbani. Kinyozi akaona uchungu. Mwaliko uliosomwa mara mbili, nchi nzima ikisikia, ukataliwe kwa simu ya dakika moja?

Siku ya tano alikuwa kwa mama mkwe, kofia mkononi, akimsihi.

“Mwanangu, mbona unanilazimisha?”

“Mama, watu wamesikia.”

Mama mkwe akafikiri sana. Akakubali, kwa sharti moja: ile redio nzima ikae chumbani kwake, na kitasa cha kuitafutia stesheni asikiguse mtu.

Kinyozi akajitwisha godoro, wakaondoka.