Upande wa Mama Uwanjani

Ipo siku moja nisiyoisahau, mwanangu. Nakuandikia sasa, wakati bado unanyonya, kabla sijawa bibi wa kujifanya najua kila kitu.

Babu yako alikuwa amefariki, na tangu mazishi bibi yako hakuwahi kulitaja jina lake. Mimi, binti yake wa pekee, nilimaliza chuo nikahamia kwake Ilemela. Nilimpikia sato, nikakaa naye, nikamuuliza maswali yote niliyoyajua. Alijibu, "Nimeshiba," basi, akageukia ukuta.

Kisha shangazi yangu Kabula akamrudisha kwenye kikundi cha ngoma alichochezea enzi za usichana wake. Niliona ni upuuzi. Ngoma itamsaidia nini mjane asiyelala? Lakini akaanza kula. Akaanza kulala. Nikajiuliza, kama kawaida yangu: ni ngoma, ni watu, au ni kule kutembea tu hadi mazoezini? Sikupata jibu. Nilichopata ni wivu. Watu wenye njuga miguuni walimpata mama yangu kwa jioni chache tu, mimi niliyelala naye chumba kimoja nikamkosa.

Baada ya mavuno wakaenda kushindana, nami nikafuatana nao. Desturi yetu Wasukuma utaijua ukikua: vikundi viwili hucheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Hakuna jaji. Miguu ya watazamaji ndiyo inayoamua.

Mama akaongoza wimbo. Katikati akalitaja: Masanja. Jina la baba! Mbele ya wauza karanga na watu nisiowajua, nao wakaliitikia kana kwamba ni lao. Nikavuka uwanja, nikaenda kusimama kwa wapinzani wake.

Shangazi alinifuata hukohuko.

"Msomi! Umepotea njia au umehama chama?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nini kimekuuma?"

"Mimi hanitajii hata jina la baba. Hawa anawaimbia."

"Wewe akitaka kulia unamkimbilia na maswali. Umekula? Umelala? Kichwa kinauma? Hawa akilia wanaitikia, na ngoma inaendelea." Akanishika mkono. "Na amekuona ukihama. Rudi, usimpunguzie watu mama yako."

Nikarudi, na wivu wangu vilevile. Mama aliponiona akalirudia jina, kisha akaningoja mimi. Nikaitikia peke yangu, nje kabisa ya mapigo ya ngoma. Watu wakacheka.

Jioni, tukiosha vyombo, akaanza kucheka mwenyewe.

"Una sauti mbaya," akasema. "Kama ya Masanja."

Hakuwa amelitaja ndani ya nyumba ile tangu mazishi.

Mwanangu, ukiniona siku moja nimenyamaza, usinikalie na maswali tu. Nipeleke panapoimbwa na kuchezwa, hata kama wewe mwenyewe huamini. Mimi bado nauliza ni kitu gani hasa kilimrudisha mama, na bado nawaonea wivu wale wenye njuga kila anapotoka kwenda kwao. Nawe utaona wivu, hilo halizuiliki. Uone, lakini simama upande wangu, uitikie hata kwa sauti hiyo mbaya uliyorithi.

Na Mungu akujalie watu wa kukuitikia, siku utakapoanza wimbo ukashindwa kuumaliza.