Nilivyomtafsiria Mama

Juzi, ubao baridi wa eksirei uliponigusa kifuani, nilimkumbuka mama.

Nilikuwa bado mtoto wa shule; yeye alikuwa akikohoa tangu mavuno, akaniambia nimsindikize hospitali ya Iringa, mdogo wetu mchanga mgongoni mwake. Mama alijua Kihehe tu. Kiswahili nilikipata shuleni, basi mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

“Mwambie avue shanga, avute pumzi, abane,” alisema mganga. Nikamwambia. Mashine ilinguruma kidogo, ikanyamaza. Mama alishangaa kwamba haikuuma.

Baadaye mganga aliinua picha dirishani. “Mapafu yameharibika. Mwambie atalazwa miezi mingi, na huyu mtoto asilale naye tena.”

Niliiona nyumba yetu bila mama. Nikamgeukia. “Anasema ni kikohozi tu. Twende nyumbani.”

Mama akatabasamu, akampa mganga mkono.

“Amekubali?” mganga aliniuliza.

“Amekubali. Tunakwenda kuchukua nguo.”

Hatukurudi. Kabla ya mavuno mengine tulimzika mtoto, kisha mama. Baba aliwalaani watu wa hospitali mpaka uzeeni, na kila alipowalaani, mimi niliitikia.