Pacha wa Naigaga na Injini ya Twaibah

Twaibah alikuwa mtu wa wasiwasi, na wasiwasi wake haukuwa na adabu: ulimwingilia hata katikati ya sala. Akitoka nyumbani kwake Nabuyonga alirudi kutazama kama jiko la gesi limezimwa. Akifika ofisini, katikati ya mji wa Mbale, Uganda, alimpigia simu jirani yake amtazamie tena. Marafiki walimtania kwamba siku ya kiama atawaomba malaika wahakiki hesabu upya. Lakini wasiwasi ni kama mbwa wa jirani: hubwekea wapita njia mchana kutwa, na mwizi akija yuko usingizini.

Yeye na Gordon, Mkenya aliyekuja Mbale kutafuta kazi akaishia kupata mke pia, walikuwa wameunda injini ya maswali. Kliniki, iwe ya Mbale au ya Jinja, inauliza ni watoto gani wagonjwa, injini inapekua mafaili ya XML na kuleta jibu. Mafaili hayo yamepangwa mithili ya ukoo: ndani ya faili mna vituo, ndani ya kituo mna akina mama, kila mama ana watoto wake, na ndani ya mtoto ndimo ilimo jinsia, tarehe ya kuzaliwa na majibu ya damu. Gordon alishughulikia sura ya nje, vitufe na rangi zake. Twaibah alikaa tumboni mwa injini, kule ambako swali huvunjwa vipande, hupangiwa njia ya kupita, kisha hutumwa likatafute.

Tumboni humo mlikuwa na usumbufu mmoja. Swali refu laweza kumfikia mtoto yuleyule kwa njia mbili, kwa hiyo kabla ya kutoa jibu injini huondoa waliojirudia. Mwanzoni Twaibah aliiagiza itazame mahali: kila mtoto ana mahali pake ndani ya faili, na wawili hawawezi kukaa pamoja. Hilo lilikuwa sahihi, ila liliifanya injini ijikokote, na kliniki zikaanza kunung'unika. Ndipo akabadilisha. Sasa itazame maneno yaliyomo ndani: wakifanana mama, jinsia, tarehe na majibu, basi ni mmoja, mwingine atupwe. Namba ya kipimo haikuwamo katika maneno hayo. Ilibandikwa pembeni, kwenye lebo ya mtoto humo failini, na lebo injini haikuisoma.

"Dada, hii kitu sasa inakimbia!" Gordon alishangilia.

Na yule Twaibah wa kuogopa majiko alilala fofofo.

Jumamosi moja alikwenda Jinja kumwona wifi yake Naigaga, mke wa kaka yake Hakim. Naigaga alikuwa amejifungua pacha wasichana, Babirye na Kagoya, na Twaibah kwa kazi zake alikosa hata akika yao. Alimkuta mkekani akimnywesha Babirye dawa kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Mtoto alikuwa mwembamba, shingo kama ya kifaranga. Kagoya, mashavu tele, alilala pembeni akigunaguna.

"Kodheyo, wifi," Twaibah alimsalimu kwa Kisoga. "Watoto wazima?"

"Moja ndio mzima," Naigaga alisema. "Hii Babirye iko na sikoseli. Kliniki ilipiga simu: mtoto wa Naigaga, msichana, damu iko na sikoseli, leta yeye. Mimi nauliza, gani? Wako mbili! Musawo, ule daktari wao, naangalia kompyuta, nasema iko moja tu. Basi tukachagua ile nyembamba, tukaanza dawa."

"Mlichagua? Kwani hawakuandika jina?"

"Jina itoke wapi? Walitoboa wao kisigino siku ya kuzaliwa. Jina tulipea siku ya saba, na akika. Wewe Muislamu mzima, nawe unauliza?"

Twaibah alicheka, na kicheko kikamkatikia njiani. Wasichana wawili, mama mmoja, tarehe moja, majina hawana bado. Huenda mgonjwa ni mmoja kweli, alijiambia. Injini huleta wagonjwa tu, na huenda mmoja ndiye aliyeletwa kwa haki. Lakini kama ni wote wawili, na majibu yao ni yaleyale, basi yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa amemtupa mmoja. Alikulia katika nyumba ambayo mtoto huitwa "mgeni" mpaka siku ya saba. Alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Vipi halikumjia hata chembe?

Alimgusa Kagoya paji la uso, akaurudisha mkono haraka.

"Huyu anaungua."

"Joto kidogo, tangu asubuhi. Hii iko na nguvu, wifi, usiogope. Wewe na kuogopa kwako!"

Twaibah alitoka uani na simu. Kwa haraka alimpigia mtu mwingine kwanza, akakata. Gordon alipopokea hakumsalimu.

"Irudishe ile kanuni ya zamani. Ile ya kutazama mahali. Halafu iulize tena wenye sikoseli, kituo cha Jinja, mama Naigaga."

"Itachukua muda."

"Gordon, tafadhali!"

Alisimama kando ya kamba ya nguo, nepi za watoto zikimpiga usoni, akisikia upande wa pili vitufe vikibonyezwa na Gordon akihema. Ndani, Kagoya alikuwa ameanza kulia, kilio cha chinichini kisicho na nguvu. Twaibah alijikuta anaomba dua kwamba injini iseme mmoja. Kisha akaona aibu, kwa kuwa hakujua anaomba kwa ajili ya mtoto au kwa ajili yake.

"Wako wawili," Gordon alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Namba mbili za kipimo. Wote wana sikoseli. Na dada, kuna mama wengine wa pacha hapa…"

"Zipigie kliniki zote. Sasa hivi."

Aliingia ndani akamnyanyua Kagoya. "Wifi, vaa. Hospitali. Huyu naye anayo."

Naigaga alimtazama usoni, akaona kwamba huu haukuwa ule woga wa kila siku. Alimfunga Babirye mgongoni, wakatoka.

Daktari aliwaambia waziwazi kwamba mtoto mwenye sikoseli akipata homa haingojwi jioni. Angekuwa kwenye dawa ya kinga kama mwenzake, huenda asingefika hapo. Walimtoboa mkono na mguu wakitafuta mshipa, Naigaga akiwa amegeukia ukuta. Dripu ikaanza kudondoka. Muda wote huo Twaibah hakuweza kukaa wala kusimama. Jua lilipokuwa limeinama, daktari alitoka akasema joto linashuka, mtoto amenyonya, atapona.

Hapo ndipo Naigaga alipolia. Na Twaibah, kwa nafuu, akasema yote kabla hajajizuia: kwamba ile kompyuta ya kliniki inaendeshwa na kazi yake, kwamba alitaka iwe na kasi, kwamba aliifundisha kuwa wanaofanana ni mmoja. "Sikukusudia, wifi. Wallahi sikujua kwamba nilikuwa nawatupa watoto."

Naigaga alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Hakupaza sauti.

"Ile siku mimi nilisema wako mbili. Nilisema kwa musawo, Babirye mkono hii, Kagoya mkono hii. Yeye naona wao kwa macho." Alimsogeza Babirye vizuri mgongoni. "Naye aliamini wewe."

Akaingia wodini kumnyonyesha Kagoya. Twaibah alibaki kwenye benchi la nje.