Kuomba Ruhusa ya Kuingia Kwenye Maua ya Kahawa

Mwaka huu mvua ya kwanza ilitupiga Jumatano, nusu saa tu, ya kulaza vumbi, lakini kwa mbuni inatosha. Mbuni ukishaonja maji baada ya kiangazi unahesabu siku nane, tisa, kumi, halafu asubuhi moja shamba zima limechanua, jeupe kama limemwagiwa unga, na harufu inaingia mpaka jikoni. Siku mbili tatu, maua yameshageuka kahawia. Kwa hiyo tangu Alhamisi nilikuwa natoka kabla ya uji, nainama kwenye kijia cha juu ya shamba, naangalia vitumba vimevimba kiasi gani. Mzee mzima, moyo unadunda kama wa bwana harusi.

Nilikuwa na sababu. Mibuni ile aliipanda baba yangu, na mimi na mke wangu tulishakubaliana kwamba tukimaliza kuvuna tunaikata mpaka kwenye visiki, ichipue upya. Visiki mpaka vichanue tena ni miaka. Na jicho langu la kulia, lile la kazi, limeingia mtoto wa jicho, kila mwezi ukungu unazidi. Nilitaka picha moja tu kabla ya hayo yote: mke wangu amesimama katikati ya maua. Nimepiga picha za ndege, za miti, za vyura mpaka nikastaafu, na yeye sina picha yake shambani hata moja.

Msishangae mtu wa darasa la nne kuwa mpiga picha. Nilianza kwa kumbebea mizigo mgeni mmoja aliyekuwa anatafuta maua ya porini. Akachoka milima yetu, akaniambia nenda wewe, bonyeza hapa. Nikabonyeza. Baadaye picha zangu zikawa zinaingia kwenye kalenda. Majira kama haya nilikuwa sikai nyumbani kabisa, kwa sababu ndipo miombo inapotoa majani mapya, mekundu, kuanzia Tingi kule milimani kushuka ziwani unafikiri mlima unaungua. Mtoto wetu wa pili alizaliwa mimi niko ufukweni nimekaa juu ya jiwe, nasubiri kungu, vile vijidudu vya ziwani vinavyoinuka juu ya maji kama nguzo ya moshi. Nilipata picha nzuri sana. Mke wangu hajawahi kuisifia.

Basi, turudi shambani. Tatizo lilikuwa sheria ya mke wangu. Kahawa ikichanua haingii mtu. Si kupalilia, si kuokota kuni, si kukatisha njia. Ua likidondoka ni punje imedondoka. Hata katekista aliwahi kurudishwa akazunguke kule barabarani, na alikuwa anawahi ibada.

Ijumaa ya wiki ya pili nilisikia harufu kabla sijafungua mlango. Nikaenda jikoni. Mke wangu alikuwa anapuliza moto.

"Mama, imechanua."

"Nimenusa."

"Naomba tuingie. Nikupige picha."

"Pigia kijiani. Si una lile lilenzi lako refu la kuchungulia ndege?"

"Wewe si ndege."

"Leo ndiyo umejua?"

Jirani yetu wa nyumba ya chini, mama mmoja mwenye maneno, alikuwa mlangoni amekuja kuomba chumvi. "Shikamoo babu. Bibi, mkubalie tu, asije akaenda kupiga picha wajane wa kule kijijini Mkumbi."

"Marahaba. Unasikia mwenyewe," nikamwambia mke wangu.

Akampa chumvi yake, akanawa mikono taratibu. Halafu akasema, "Vua hilo koti."

Nikavua koti, nikavua viatu. Akatangulia, anasogeza kila tawi kwa vidole viwili, anapita kiubavu, kama mtu aliyechelewa misa anayepenya kwenye benchi lililojaa. Mimi nyuma, pumzi nimezibana. Nyuki walikuwa wengi mpaka hewa yenyewe inanguruma. Akasimama, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa. Nikapiga.

Akataka kuona. Akaangalia kioo cha kamera, akaangalia tena.

"Mbona mimi moshi?"

Kweli. Ua lililokuwa mbele ya bega lake lilitoka safi, hata chavua unaihesabu, na yeye nyuma amefifia kama kivuli. Sikuwa nimefikiri. Mikono ilienda kwenye ua yenyewe, kama ilivyozoea.

"Umeniingiza humu kwa mbwembwe zote hizo, ukapiga ua," akasema, akacheka kwa ndani, asitikise matawi. "Iambie mikono yako mimi ndiye niliyesimama hapa."

Nikahamia jicho la kushoto. Nikamtafuta, nikampata, nikarudi nyuma nusu hatua.

"Mzee, tawi!"

Nikabonyeza wakati uleule. Picha ile maua yote yamefifia, na yeye kila mkunjo wa uso unaonekana, mdomo wazi, kidole kinanielekea, ananikemea. Tawi nililivunja kwa mgongo. Akaliokota, akalibeba mpaka nyumbani, akalitia kwenye kikombe cha maji mezani. Mchana akaniuliza kama kesho maua yatakuwa bado meupe, maana alitaka avae gauni la kanisani.