Tisa Baada ya Kumi

Ugomvi wa Debra na bosi wake, Robinson, ulianza na sifuri. Kampuni yao ndogo ya Kisumu ilikuwa imeunda tovuti ya kuwagawia wachuuzi wa samaki zamu za kununua barafu kwenye kiwanda kimoja huko Asembo Bay. Tovuti ilihifadhi namba za simu kama hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina kazi, kwa hiyo kompyuta ikaitupa. Wachuuzi wa samaki hawakupata ujumbe wa zamu zao. Mwenye kiwanda akampigia Robinson simu na kumtukana.

Robinson aliagiza kwamba kuanzia siku hiyo kila namba ihifadhiwe kama maandishi. Debra, aliyesomea kompyuta Maseno na ambaye kwa kawaida hakufungua mdomo mikutanoni, alisema kwa sauti ndogo kwamba namba ya simu ni kama jina tu, hakuna anayeijumlisha. Lakini namba ya zamu ni hesabu yenyewe. Zikiwa maandishi, kompyuta itazipanga kama maneno ya kamusi, kwa kutazama tarakimu ya kwanza.

"Namba ni namba," Robinson alisema. "Mihadhara uliiacha chuoni."

Wenzake wakacheka. Debra akaandika alivyoagizwa, meno yameumana.

Baada ya muda yakaja malalamiko kwamba kina mama wa Asembo Bay wanapigana kwenye dirisha la barafu. Robinson alisema watu hao hawajui foleni ni nini, akamtuma Debra akawafundishe.

Alifika asubuhi. Karani wa dirisha, Opondo, alikuwa akisoma zamu kutoka kwenye skrini. Aliita moja. Kisha akaita kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Debra aliutambua mpangilio wa kamusi, zote zinazoanza na tarakimu ya moja zikitangulia. Kando ya dirisha alisimama mama mmoja aliyeitwa Dorca, na miguuni pake beseni la mbuta, wale sangara wa ziwani, lililofunikwa gunia bichi.

"Wewe ndiye wa kompyuta?" Dorca aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni tisa. Jana nilikuwa nane. Kila nikiwahi, barafu inaisha kabla sijaitwa. Huko kwenu Kisumu tisa inakuja baada ya kumi?"

Wanawake wengine walicheka, lakini si kwa furaha. Walimweleza Debra kwamba siku hizi hakuna aliyetaka kuwa wa pili wala wa tano. Watu walikaa na simu mkononi wakiviziana nani ajiandikishe kwanza, maana kuanzia wa kumi hadi wa kumi na tisa ndio waliobeba barafu. Hapo ndipo ngumi zilipoanzia. Dorca alikataa kuvizia. Alisema samaki wake hawajui kuvizia, wanaoza tu.

Debra alimpigia Robinson akamwambia ni yale yale aliyomweleza mkutanoni.

"Waambie ni mtandao," Robinson alijibu. "Halafu uwafundishe kusubiri."

"Wamesubiri kuliko sisi sote."

"Debra, unataka kazi au hutaki?"

Debra alikata simu. Aliwageukia wale wanawake akasema kosa si la mtandao wala lao. Ni la ofisi yake, na yeye ndiye aliyeliandika kwa mkono wake. Kisha akamwomba Opondo asiite zamu nyingine kwanza, akafungua kompyuta juu ya kreti la soda lililopinduliwa, akaacha namba za simu zibaki maandishi, akazigeuza namba za zamu kuwa hesabu. Simu yake ililia, jina la Robinson likatokea. Hakuipokea. Ikalia tena.

Opondo alifungua ukurasa upya. Akasogeza uso karibu na skrini.

"Mbili," aliita, kama mtu asiyeamini. Kisha tatu, nne.

Aliita mpaka saba. Aliyeitwa wa saba alipewa vipande vilivyobaki chini ya sanduku, na dirisha likafungwa.

Debra alimsogelea Dorca akamwambia kwamba kesho mpangilio utakuwa sawa. Dorca alikuwa ameshaondoa gunia, amechukua kisu, anapasua mbuta wa kukaangwa kabla jua halijapanda.

"Kesho," alisema bila kuinua macho. "Na hawa samaki wa leo je, nyathina, mwanangu?"

Simu ililia tena. Debra aliizima, akakunja mikono ya shati, akauliza kama kuna kisu kingine.